Mtu Yuko Wapi? Hati Inayoshindana na Ndege

Na Mwandishi Wetu

SIKU ya Jumapili Kibuye haina mahali pa kuweka mguu. Ukitoka bandarini Kisumu ukaifuata barabara ya Jomo Kenyatta iendayo Kakamega, utalisikia soko kabla hujaliona. Kuna wanaogonga mabati na kuyageuza masanduku na majiko. Kuna marobota ya mitumba yanayofunguliwa huku wanunuzi wameshainama. Kuna vilima vya omena vinavyong'aa kama fedha, vyungu, kamba za katani, vitanda, mahindi na ndizi. Watu wametoka Vihiga, Busia, Siaya na ng'ambo ya mpaka, Uganda. Hapo Kijaluo, Kiluhya, Kiganda na Kiswahili hupandana kama mawimbi, na mtu hamwulizi mwenziwe cheti cha kuzaliwa. Anamwuliza bei.

Sisi wa pwani tunayaelewa mambo haya bila kufundishwa. Miji yetu ilijengwa na wageni waliokuja na kusi na kaskazi, wengine wakarudi makwao, wengine wakaoa wakakaa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema siku ya tatu mfunge kamba umtupe mpakani usiku.

Lakini mjini Kisumu lilitokea jambo Julai 23, 2024. Raia 36 wa Uganda, wafuasi wa chama cha upinzani cha FDC, walikuwa wamekuja kwa mafunzo. Polisi wa Kenya waliwakamata, wakavushwa mpaka na kukabidhiwa wenzao wa Uganda. Mwezi haujesha, wakawa wamesimamishwa kizimbani Kampala kwa mashtaka ya ugaidi. Kama walikuwa na kosa au hawakuwa nalo, hilo ni la mahakama yao. Linalotuhusu hapa ni jingine: kutoka Kisumu hadi mpaka wa Busia ni safari ya saa mbili tatu kwa gari, na katika saa hizo hapana hakimu wa Kenya aliyewaona kwa macho yake na kuuliza, "Watu hawa mnawashikilia kwa sheria gani?"

Niliyazungumza hayo na mzee mmoja auzaye masufuria upande wa mafundi wa bati, mtu wa kofia na kanzu iliyochakaa kwa heshima. Alinisikiliza huku akipangusa sufuria kwa kitambaa. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, na kama jaji ataagiza waletwe, na polisi waseme hatunao, wameshakwenda, huyo jaji ataletewa nini?"

Swali la mzee huyo ndilo makala haya. Si swali la Kisumu tu. Limeulizwa Mombasa, limeulizwa Nairobi, na mwaka 2025 limeulizwa katika mahakama za shirikisho za Marekani mara nyingi mno, kwa ajili ya wageni waliokamatwa na maofisa wa uhamiaji.

NENO LA KILATINI

Mawakili wetu huiita dawa ya jambo hili kwa jina la Kilatini, hebiasi kopasi. Maana yake ni "uwe na mwili". Kwa ufupi ni amri ya jaji kwa mtu anayemshikilia mwenziwe: mlete hapa mbele yangu, mwili wake nimwone, na wewe unieleze ni sheria ipi iliyokupa ruhusa ya kumfunga. Ukikosa sheria, mwachilie.

Msomaji aone jinsi hati hii ilivyo tofauti na kesi nyingine. Haiulizi kama mfungwa ni mtu mwema. Haiulizi kama aliiba au hakuiba, wala haimpi uraia mgeni asiye nao. Inauliza jambo moja: kifungo hiki kina sheria au hakina? Tena haimdai mfungwa athibitishe. Aliyeshika funguo ndiye atakiwaye kujieleza.

Na jambo la pili, ambalo wengi hawalijui: si lazima mfungwa aje mwenyewe kuomba. Angekujaje naye amefungiwa? Mke anaweza kumwombea, au ndugu, au rafiki, au chama cha kutetea haki. Hapa Mwislamu atakumbuka kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake. Alitiwa gerezani bila kosa, na mwenziwe mmoja alipokaribia kufunguliwa alimwomba amtaje mbele ya bwana wake. Yule mtu akatoka, akasahau, na Yusuf akabaki gerezani miaka kadhaa. Basi hati hii ni kinga dhidi ya kusahauliwa. Aliye nje akimtaja aliye ndani, jaji halazimiki kungoja ndoto ya mfalme.

Waingereza waliitungia sheria maalumu mwaka 1679, na ndani yake mna kifungu ambacho watu wa pwani, tulioishi na vyombo vya bahari, tunapaswa kukijua. Kilikataza mfungwa kusafirishwa nje ya nchi, kwenda Scotland, Ireland, visiwani, au ng'ambo ya bahari. Miongoni mwa miji iliyotajwa kwa jina ni Tangier, mji wa Waislamu wa Morocco, ambao siku hizo ulikuwa mikononi mwa Waingereza. Kwa nini watunga sheria waliifikiria Tangier? Kwa sababu wakubwa walikwisha kugundua ujanja: ukitaka kumkimbia jaji, usibishane naye. Mpakie mtu wako chomboni, tweka tanga. Chombo kikishatoka, jaji atabaki na karatasi yake pwani.

MERI ILIYOKAMATWA NA KARATASI

Kisa kinachoonyesha nguvu ya hati hii ni cha Mwafrika. James Somerset alitekwa Afrika akiwa mdogo, akauzwa Virginia, na mwaka 1769 bwana wake, Charles Stewart, akamleta Uingereza. Mwaka 1771 akatoroka. Akakamatwa Novemba mwaka huo na kutiwa ndani ya meri iliyoitwa Ann and Mary, iliyotia nanga mto Thames jijini London, ikingoja kwenda Jamaica. Huko angeuzwa.

Watu waliomsimamia alipobatizwa walikwenda mbio kwa Jaji Mkuu, Lord Mansfield, wakaomba hati. Ikatoka. Nahodha John Knowles hakuweza kung'oa nanga. Ilimbidi amlete Somerset mahakamani mwezi wa Desemba na kueleza kwa nini alimshikilia. Kesi ikaendelea miezi, na Juni 22, 1772, Mansfield akaamua kwamba sheria ya Uingereza haimruhusu bwana kumchukua mtu kwa nguvu na kumpeleka nje ya nchi akauzwe. Somerset akatoka huru.

Angalia ushindi ule ulitegemea nini. Wenye hoja walikuwako, na wema wa jaji ulikuwako, lakini juu ya yote hati ilifika meri ingali nangani. Siku chache zaidi na Somerset angekuwa katikati ya bahari kuu, na jina lake tusingelijua leo.

Tangu siku hizo meri imekuwa ndege, na ndege haingoji maji kujaa.

MTU WA NYANDO

Turudi kando ya ziwa. Mashariki ya Kisumu, katika uwanda wa Kano wenye mashamba ya mpunga, kuna mahali paitwapo Magina, huko Nyando. Hapo ndipo alipozaliwa wakili Miguna Miguna. Alipokuwa kijana katika Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwa kiongozi wa wanafunzi. Mwaka 1987 akakimbia nchi kupitia Tanzania, akafika Kanada, akapata uraia wa huko. Baadaye akarudi, na mwaka 2017 akagombea ugavana wa Nairobi.

Januari 30, 2018, Raila Odinga alikula kiapo katika Uhuru Park kama "rais wa wananchi", na Miguna alikuwa kando yake. Februari 2 polisi wakavamia nyumba yake Nairobi wakamkamata. Siku hiyo hiyo Mahakama Kuu ikaamuru aachiliwe kwa dhamana. Hakuachiliwa. Akahamishwa kutoka kituo hadi kituo. Mawakili wake wakaomba hati, na Jaji Luka Kimaru akawaamuru wakuu wa polisi wamlete Miguna mbele yake Februari 6.

Siku ikafika. Jaji yuko, mawakili wako, mtu hayuko. Wakati Nairobi inamngoja, polisi walikuwa wamempeleka Kajiado, mbele ya hakimu mwingine kabisa. Hakimu yule naye akaamuru apelekwe Nairobi kwa Jaji Kimaru. Basi kulikuwa na amri juu ya amri, zote zikielekeza mlango mmoja. Usiku ule Miguna akapakiwa katika ndege ya kwenda Amsterdam, na kutoka huko akafika Kanada. Serikali ilisema si Mkenya tena. Alipochukua uraia wa kigeni, ule wa kuzaliwa ulimtoka.

Machi 26, 2018, akarudi. Uwanjani Jomo Kenyatta akakataa kuingia kama mgeni katika nchi aliyozaliwa. Maofisa nao wakakataa kumwingiza kama mwenyeji. Akawa mahabusu wa uhamiaji, amefungiwa uwanja wa ndege, si ndani ya Kenya wala si nje yake. Mahakama Kuu ikaamuru aachiliwe. Mawakili waliokwenda na amri hiyo wakazuiwa mlangoni. Jaji George Odunga akamtia hatiani kwa kuidharau mahakama Waziri wa Usalama Fred Matiang'i, pamoja na Inspekta Mkuu wa Polisi Joseph Boinnet na Katibu wa Uhamiaji Gordon Kihalangwa, na akawatoza faini ya shilingi 200,000 kila mmoja. Lakini usiku wa Machi 28 Miguna alikwisha kutiwa ndegeni tena, safari hii kwenda Dubai.

Desemba 14, 2018, Jaji Chacha Mwita akatoa hukumu: Miguna ni Mkenya kwa kuzaliwa, hakuupoteza uraia wake, na kufukuzwa kwake kulivunja Katiba. Akaamuru alipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 7. Hata hivyo, alipojaribu kurudi Januari 2020 alikwama Ulaya, kwa kuwa mashirika ya ndege yalikuwa yameonywa yasimpakie. Alikanyaga tena ardhi ya Kenya Oktoba 20, 2022, baada ya serikali mpya kuondoa onyo hilo.

Wako wampendao Miguna na wako wasioweza kuvumilia kinywa chake. Hati haiangalii hayo. Kesi yake inatufundisha mambo mawili. La kwanza, majaji wetu hawakulala. Walitoa amri usiku na mchana. La pili, amri isiyotiiwa ni kama dau lisilo na kafi: linaelea, haliendi. Kati ya hukumu ya Desemba 2018 na kurudi kwake ilipita karibu miaka minne.

KIDONDA CHA PWANI

Kwa Waislamu wa pwani kisa cha Miguna hakikuwa kigeni. Sisi tulikwisha kuonja mwaka 2007.

Mwisho wa 2006 majeshi ya Ethiopia yaliingia Somalia, na watu wakakimbilia mpaka wa Kenya. Waliokamatwa walikuwa wa mataifa mengi, na baadhi walikuwa Wakenya. Walikuwamo wanawake na watoto. Walitiwa katika vituo vya polisi Nairobi. Jumuiya ya Muslim Human Rights Forum, chini ya Al-Amin Kimathi, ikishirikiana na mawakili, ikapeleka maombi mengi ya hebiasi kopasi Mahakama Kuu. Maombi yakiwa yangali mezani, ndege zikaruka: Januari 20, Januari 27 na Februari 10, 2007. Zilichukua zaidi ya watu 80 kwenda Somalia, na wengi walipelekwa mbele hadi magereza ya Ethiopia. Orodha za abiria zilipopatikana, ndipo jamaa wengi walipojua watu wao wamekwenda wapi.

Mwezi huo huo wa Februari alikamatwa Mombasa Mkenya Mohammed Abdul Malik Bajabu. Machi 2007 Wamarekani walitangaza kwamba yuko Guantanamo, Cuba. Huko alikaa zaidi ya miaka 17 bila kufunguliwa mashtaka. Bodi ya serikali ya Marekani iliona mwaka 2021 kwamba hapana haja tena ya kumshikilia. Akarudishwa Kenya Desemba 2024.

Mwaka 2010, baada ya mabomu ya Kampala ya Julai 11, Wakenya kadhaa walikamatwa na kuvushwa hadi Uganda. Jamaa wa mmoja wao alikwenda Mahakama Kuu Nairobi kuomba hati. Septemba mwaka huo jaji akasema wazi kwamba kumtoa Mkenya nchini kwa njia ile, bila kumpitisha mbele ya hakimu, hakukuwa na sheria. Lakini akasema pia kwamba maofisa wa Kenya hawana tena mtu huyo mikononi mwao, na hati haiwezi kumtoa katika gereza la nchi nyingine.

Hilo, mzee wangu wa Kibuye, ndilo jibu la swali lako. Polisi wakisema "hatunaye", jaji atawataka waape na waeleze walimpeleka wapi, kwa amri ya nani, saa ngapi. Wakidanganya, wana kosa. Lakini akiwa ameshavuka mpaka, jaji atapewa maelezo, mwili hatapewa. Ndiyo maana katika jambo hili saa moja ina thamani kuliko hoja kumi.

MAREKANI NAKO

Familia nyingi, za Kisumu na za Mombasa, zina mtoto Marekani: mwanafunzi, muuguzi, dereva wa lori. Basi ni vyema kujua kule mambo yanakwendaje.

Mgeni akikamatwa na maofisa wa uhamiaji, kesi ya kama atafukuzwa au la husikilizwa na jaji wa uhamiaji. Jaji huyo ni mwajiriwa wa Wizara ya Sheria. Serikali haimwekei mgeni wakili; akitaka wakili amtafute mwenyewe. Lakini juu ya njia hiyo iko nyingine, ya mahakama ya shirikisho ya wilaya, ambayo jaji wake hamtegemei waziri. Huko ndiko ombi la hebiasi kopasi linakopelekwa. Ada yake ni dola 5. Mshtakiwa mara nyingi ni mkuu wa gereza lile lile analolala mahabusu, maana yeye ndiye mwenye mwili. Sheria inasema majibu yatolewe katika siku 3, ingawa jaji aweza kuongeza. Katiba yao inasema haki hii haiwezi kusimamishwa ila wakati wa uasi au uvamizi, usalama wa umma ukidai hivyo.

Mwaka 2001, katika kesi ya Zadvydas, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba aliyekwisha kuamriwa kufukuzwa, lakini hapana nchi inayompokea, hawezi kufungwa maisha akingoja. Baada ya miezi 6, ikiwa hapana tamaa ya safari hiyo karibuni, ana haki ya kuomba atolewe.

Kanuni hiyo ilimfaa jirani yetu mmoja, Msomali aliyekuwa mkimbizi huko Minnesota, ambaye kesi yake imeandikwa katika vitabu vya sheria kwa jina la Jama. Alipatikana na kosa la kumpiga na kumjeruhi mtu, akaamriwa arudishwe Somalia. Akapeleka ombi la hebiasi kopasi: Somalia haina serikali, ni nani atakayekubali kumpokea? Jaji wa wilaya, John Tunheim, alimkubalia. Mahakama ya rufani ikamkataa. Januari 12, 2005, Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema Marekani inaweza kumpeleka bila ridhaa ya serikali yoyote. Akarushwa hadi Puntland. Wenyewe kule wakamkataa, na ndege ikamrudisha alikotoka. Mwaka huo huo Jaji Tunheim akaamuru atolewe kizuizini. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

JIONI YA RAMADHANI

Kisa cha karibu zaidi kitamgusa kila aliyewahi kutembea magharibi inakaribia, tende i mfukoni. Machi 25, 2025, mwezi wa Ramadhani, mwanafunzi Mturuki Rümeysa Öztürk, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Tufts, alitoka nyumbani kwake Somerville, Massachusetts, akienda kufuturu na rafiki zake. Maofisa waliovaa nguo za kiraia, baadhi yao wamefunika nyuso, wakamzingira barabarani wakamtia pingu. Viza yake ilikuwa imefutwa bila yeye kujua. Hakushtakiwa kwa jinai yoyote. Mwaka uliotangulia, yeye na wenziwe walikuwa wameandika makala katika gazeti la wanafunzi juu ya Palestina.

Usiku ule ule, mnamo saa nne, wakili wake akapeleka ombi la hebiasi kopasi mahakama ya Massachusetts, bila kujua mteja wake yuko wapi. Jaji akaamuru asitolewe katika jimbo bila taarifa. Lakini gari lilikwisha kumpitisha New Hampshire na kumfikisha Vermont. Asubuhi akapandishwa ndege hadi Louisiana, kusini kabisa.

Serikali ikasema: ombi lilipelekwa mahakama isiyohusika, kesi iwe Louisiana aliko. Hapo msomaji aone umuhimu wa saa. Majaji waliuliza: ombi lilipotiwa mhuri, mwili wake ulikuwa wapi? Ulikuwa Vermont. Basi kesi ikapelekwa Vermont, na Jaji William Sessions akaishika. Mei 9, 2025, akamsikiliza Öztürk kwa njia ya video kutoka Louisiana, akaamuru aachiliwe hapo hapo. Ramadhani ilikwisha kupita, na Idi aliiswali akiwa mahabusu. Lakini alitoka, na sababu moja kubwa ni kwamba kuna mtu aliyeamka usiku ule kuandika karatasi badala ya kungoja kukuche.

Aprili 7 mwaka huo Mahakama ya Juu ilikuwa imesisitiza, katika kesi ya Wavenezuela waliotaka kufukuzwa kwa sheria ya zamani ya vita, kwamba ombi la namna hii lipelekwe katika wilaya alikofungiwa mtu, na kwamba apewe taarifa mapema ya kutosha apate kuomba kabla ya kusafirishwa. Ni kifungu kile kile cha Tangier kwa nguo mpya. Na serikali ilipodai mwaka 2025 kwamba wengi walioingia bila kibali hawana haki hata ya kusikilizwa ombi la dhamana, maombi ya hebiasi kopasi yakamiminika katika wilaya nyingi, na majaji wengi wakaamuru wasikilizwe au watolewe.

SHERIA YETU WENYEWE

Asije mtu akadhani haki hii ni mali ya Wazungu. Katiba ya Kenya iliyotangazwa Agosti 27, 2010, kifungu cha 25, inataja mambo manne yasiyopunguzwa kwa hali yoyote: kutoteswa, kutotiwa utumwani, kuhukumiwa kwa haki, na haki ya kupata amri ya hebiasi kopasi. Kifungu cha 49 kinasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani katika saa 24, au siku ya kazi inayofuata. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa ajili ya mwingine asiyeweza kujiendea. Havikuandikwa "kila Mkenya". Vimeandikwa kwa kila mtu, na Mganda aliyekuja Kisumu ni mtu.

Basi mwenye jamaa aliyekamatwa na afanye yaliyo mikononi mwake. Aandike saa ya kukamatwa, mahali, na namba ya gari kama aliiona. Akaulize katika kituo cha polisi, na jibu la "hayumo" aliandike pia, pamoja na saa na jina la aliyelitoa. Mwenye mtoto ng'ambo na awe na jina lake kama lilivyo katika pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na namba ya wakili. Asingoje Ijumaa ipite aende Jumatatu. Ngojangoja huumiza matumbo.

Neno letu "gereza" wataalamu husema lilitoka katika neno la Wareno la kanisa. Ngome yao ya Mombasa, ile Fort Jesus, iligeuzwa gereza mwaka 1895 ikabaki hivyo hadi 1958. Kuta zile nene ziko pale pale, na leo watalii hupiga picha. Lakini mfungwa wa zamani alikuwa na jambo moja ambalo mahabusu wa leo huweza kulikosa: mji mzima ulijua yuko nyuma ya ukuta gani. Mamaye aliweza kusimama nje akaungalia ukuta. Mama wa leo huungalia mbingu, asijue ndege ipi.

Nilipomrudia mzee wa masufuria jua lilikuwa linatua upande wa ziwa, na wachuuzi wanafunga marobota. Nilimweleza niliyoyajua: kwamba jaji ana nguvu mtu akiwa bado nangani, na akishavuka nguvu hiyo hupungua. Alinyamaza kidogo, akaingiza sufuria ndogo ndani ya kubwa, na kubwa ndani ya kubwa zaidi.

"Basi si kazi ya jaji peke yake," akasema. "Ni kazi ya jirani aliyeona gari likimchukua mtu. Huyo jirani akinyamaza, jaji ataambiwa na nani?"

Akafunga kamba. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mzee wa Kibuye ameongeza la kwake: na kabla ya kumpa haki yake, kwanza ulizeni yuko wapi.